Maaskofu wa Trier katika Zikri ya Rumonge

Trier, 4 Novemba 1912

Mdogo wangu Biasha,

Barua yako imenifikia ikiwa na doa la mawese pembeni. Nadhani uliikunja kabla ya kunawa mikono. Nimeinusa mara nyingi kuliko nilivyoisoma.

Mimi mzima. Padri mzee aliyenichukua pale Usumbura ananitunza vizuri. Asubuhi tunafanya kazi ya kamusi: yeye anauliza neno, mimi nasema maana yake kwetu, naye anaandika. Mchana tunatembea kando ya mto. Mto wao ni mwembamba, ukisimama ng'ambo hii unaweza kumwita mtu wa ng'ambo ile akaitika. Nikiwaeleza ziwa letu wanadhani nawadanganya. Watoto bado wananifuata kunisugua mkono, waone kama rangi inatoka.

Tukitembea, padri ananifundisha majina ya maaskofu wa mji huu tangu wa kwanza. Anasema kila mmoja alikalia kiti cha aliyemtangulia, hakuna aliyejikalisha mwenyewe. Nikamwambia kwetu Baba ni khalifa wa tarika, naye ana silsila, mnyororo wa majina ya masheikh, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake mpaka kwa Mtume. Na mdogo wangu wa kike anaijua kuliko wanaume wote wa Rumonge. Alicheka, akasema basi mwandikie na hawa wetu. Nakuandikia wale wa mwanzo: Eukari, Valeri, Materni, Agriti, Maksimini, Paulini, Bonosi, Brito, Felisi. Wanasimulia kwamba Materni alifariki wakiwa njiani kuja huku. Wenzake wakarudi mpaka Rumi wakapewa fimbo ya Petro, wakaiweka juu yake, akafufuka, akaja kuwa askofu wa tatu. Nimeipenda habari yake. Mtu aliyekufa njiani, halafu akafika.

Msomee Baba yale utakayoona yanafaa. Macho yake vipi?

Kaka yako,
Swedi bin Asmani


Rumonge, mwisho wa Februari 1913, baada ya Maulidi

Yaya Swedi,

Kaka yangu, macho ya Baba yamekwisha. Anaona mwanga wa mlango, basi.

Barua yako ililetwa wakati baraza imejaa watu. Feruzi, yule mwanafunzi wa Baba, alikuwepo, na Bibi Mariyamu, na jamaa kutoka Gatete waliokuja kwa ajili ya Maulidi. Baba akasema, "Soma, mama, wote wasikie habari za mtoto wangu." Nikasoma. Nilipofika kwenye neno askofu, ulimi ulikataa. Unakumbuka yaliyosemwa ulipoondoka na padri. Feruzi ndiye aliyesema sokoni kwamba Mwalimu Asmani amewapa misheni mtoto wake bure, hata mbuzi hatolewi hivyo. Sasa alikuwa amekaa pale, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Nikaliruka lile neno. Likaja tena, nikaliruka tena. Nikasoma kwamba mji huo una wazee wake waliotangulia, kila mmoja amekaa mahali pa mwenzake. Nikasoma majina.

Baba akauliza, "Hao wameshikana mikono?"

"Ndiyo, Baba."

"Hata huyo wa fimbo?"

"Hata yeye."

Alilia, Yaya. Akamgeukia Feruzi upande ambao hakuwepo, akasema, "Umesikia? Mtoto amekwenda kwa Wazungu, na huko nako amekuta wazee."

Feruzi akasema, "Majina yao hayana baba, Mwalimu. Eukari bin nani?"

Bibi Mariyamu akamjibu, "Wewe nyamaza. Majina iko sawa dawa ya muzungu, lakini watu wema iko kila mahali."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, na hapo ndipo ningeweza kusema. Sikusema.

Alhamisi baada ya magharibi, kwenye zikri, Baba alisoma silsila yetu mpaka mwisho, kisha akaendelea na wale wako. Alikuwa amewasikia mara moja tu, na hakukosea hata mmoja. Kila jina watu waliitikia, Mungu amridhie. Nami nyuma ya pazia la wanawake niliitikia. Nilipotamka Mungu amridhie Bonosi, uso uliniwaka kama nimeinamia sufuria.

Baba anataka urudi. Anasema hawezi kufa akiwa na ijaza mkononi. Lazima amshike mkono mtu na kumtamkia ruhusa ya kuongoza, la sivyo zikri ya Rumonge haina mwenyewe. Watu wanamtaka Feruzi. Baba anakutaka wewe. Niandikie barua ninayoweza kuisoma yote kwa sauti.

Mdogo wako,
Biasha


Trier, 12 Mei 1913

Mdogo wangu,

Nisikufiche, mwanzo nilicheka. Niliwaza Felisi wa watu, aliyelala kaburini zaidi ya miaka elfu, anaombewa na akina Bibi Mariyamu. Kisha kicheko kikaniishia.

Usimwambie Baba. Ukimwambia sasa, watu watajua amewaombea maaskofu mbele ya jamaa wote, na watamcheka mzee asiyeona. Nyamaza, watasahau.

Kurudi kwa sasa siwezi. Kamusi imefika herufi ya N tu. Hilo ni kweli, unaweza kulisoma kwa sauti.

Kaka yako,
Swedi M.


Rumonge, Agosti 1913, Ramadhani

Yaya Swedi,

Hawakusahau. Wanawake wanaoleta mawese kutoka Kizuka wananiuliza habari za wale wa Ulaya. Mjukuu wa Bibi Mariyamu alishikwa na homa kali, naye akamwomba Materni, kwa kuwa alifufuka yeye mwenyewe atajua njia. Mtoto amepona. Hebu mwambie mtu sasa kwamba ni askofu.

Khalifa wa Ujiji alimtuma mjumbe kuja kushuhudia Baba akitoa ijaza, maana wamesikia kwamba amedhoofika. Feruzi alijua. Alikuja ameoga, kanzu imepigwa bluu, hata kucha amekata. Unamjua alivyo, mikono yake siku zote ina harufu ya samaki. Siku ile alikuwa amejipaka mafuta ya karafuu. Akapiga magoti mbele ya Baba, akanyoosha mkono. Baba hakuuona. Akasema, "Nasubiri mwanangu. Ameshika mikono ya wazee wa huko, akija atashika na wangu." Feruzi akabaki na mkono wake hewani mbele ya mgeni. Kisha akaurudisha polepole, akaufuta kwenye kanzu kana kwamba ndicho alichokuwa anataka kufanya tangu mwanzo.

Simpendi Feruzi. Lakini ule mkono nauona kila nikifumba macho.

Baba ananituma nikuulize: kiti cha wazee wako kimewahi kukaa wazi? Na kilipokaa wazi, aliyefuata alishika mkono wa nani?

Na mimi nakuuliza langu. Hiyo M ni ya nini? Baba yako anaitwa Asmani.

Biasha


Trier, 9 Januari 1914

Biasha,

Ni ya Materni. Nilibatizwa Pasaka ya mwaka jana, na hilo ndilo jina langu.

Hakuna aliyenilazimisha. Padri aliniuliza mara mbili kama nina hakika, mara ya pili akaniambia ningoje kwanza. Mimi ndiye niliyekataa kungoja. Nilikuwa peke yangu kiasi ambacho siwezi kukueleza, na watu wale walionyamaza pamoja kanisani hawakunisugua mkono. Nilianza kwa kukaa nao. Kisha nikaamini. Sikukuandikia kwa sababu nilijua nani angesoma, na mbele ya nani.

Jibu la Baba ni hili. Ndiyo, kimekaa wazi. Kabla ya askofu wa sasa, aliyetangulia aligombana na serikali, akafungwa, akatoka, akafa, na kiti kikakaa bila mtu miaka mitano. Nikamwuliza padri, basi mnyororo ulikatika? Akasema hapana. Kiti ni kitu kimoja na mkono ni kingine. Askofu mpya hapewi mkono na maiti aliyemtangulia. Anawekewa mikono na maaskofu wa mahali pengine walio hai, kisha anakuja kukaa. Kiti kinaweza kungoja.

Sasa mwambie Baba yote. Amshike mkono Feruzi angali hai. Najua nakutwisha mzigo wangu. Sioni aibu kwa maji niliyomwagiwa kichwani. Naona aibu kwamba nimejificha nyuma ya mdogo wangu, naye yuko nyuma ya pazia.

Swedi Materni


Rumonge, Aprili 1914

Yaya,

Baba amefariki. Kifua kilimkaza wiki nzima, na Jumamosi alfajiri akaondoka. Tumemzika karibu na Mama.

Nakuandikia yaliyotokea kabla yake.

Barua yako ilipofika, Baba alikuwa amelala kitandani na Feruzi amekaa mlangoni. Feruzi ndiye aliyekuwa akimwinua na kumwogesha, mimi sikuwa na nguvu. Nilikuwa nimeisoma barua peke yangu jikoni. Nilikuja nayo nimeamua kusema kila kitu. Baba akasikia karatasi, akageuza uso. "Mtoto anasemaje?"

Nikasoma barua ambayo hukuiandika. Nilishika karatasi mbele ya macho nikasoma: Baba, kazi imekwisha, nimepanda meli, nangojea mkono wako.

Ningependa kukuambia kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini si hilo tu. Feruzi alikuwa amekaa pale na bakuli la uji mkononi, na nilikumbuka maneno yake ya sokoni, na sikutaka yeye aketi mahali pa Baba. Nilitaka uwe wewe, hata kama si wewe tena. Chuki ilikuwa yangu, na nikaipa sauti yako.

Baba akasema, "Sitamfikia." Akaomba mkono wangu. Akaushika, akatamka maneno yote ya ijaza, neno kwa neno, akasema, "Mpelekee kaka yako. Wewe ni njia tu, mama, usiuzuie." Feruzi akaitikia amina. Alikuwa shahidi.

Sasa kila asubuhi Feruzi anafagia zawia, nyumba yetu ya zikri, na kutandika mkeka wa Baba. Anasema Khalifa Swedi akifika asikute vumbi. Anakuita Khalifa Swedi bila kuuma meno. Nikimwona na ufagio najificha ndani mpaka amalize.

Jibu lako kuhusu kiti halikumfikia Baba. Alikufa akidhani wazee wa huko nao walingoja mtu, kama yeye alivyongoja.

Biasha


Trier, 6 Juni 1914

Mdogo wangu,

Nimelia siku nzima, na padri amelia nami ingawa hamjui Baba.

Nitakuja. Nimefikiri, na nakuambia hivi: nani atajua? Mkono upo, umeushika wewe, na Baba aliutoa kwa ajili yangu. Silsila naijua, nimekua nikiisikia. Nitakuja, nitaketi kwenye mkeka, nitasoma. Nitakuwa Swedi kama zamani. Haya ya huku nitayavua kama koti ninalovaa wakati wa baridi. Huko hakuna baridi.

Usimwambie mtu chochote. Ningoje.

Kaka yako,
Swedi bin Asmani


Rumonge, Septemba 1914

Yaya Swedi,

Barua yako ililetwa na posta ya mwisho. Sasa meli za serikali zinapita na askari na mizinga, na ng'ambo kwa Wabelgiji tunaona moshi. Vijana wanakamatwa kubeba mizigo, mitumbwi imechukuliwa. Barua za Ulaya hazipokelewi tena. Hii nitaiweka mpaka njia ifunguke.

Nilipoona umetia sahihi bin Asmani, nilifurahi. Furaha ilikaa muda wa kuikunja karatasi. Kisha nikatambua kwamba umeniandikia barua ileile niliyoitunga kitandani kwa Baba. Nimepanda meli, ningoje. Nilikuwa nimesema uongo kwa sauti yako, na sasa sauti yako imejifunza. Nimeona aibu nyingi mwaka huu, lakini ile ilinifanya nikae chini.

Umebatizwa kwa sababu uliamini. Umeandika mwenyewe. Sikuelewa, na bado moyo wangu unakataa, lakini hukusema uongo ulipoingia kule. Usiseme uongo kwa kuingia huku.

Alhamisi nilikwenda zawia kabla ya zikri na barua zako zote. Nikamwomba Feruzi awaite watu. Nikatoka nje ya pazia. Nilisoma zote, na kila penye neno askofu nililisoma. Nikaeleza nililoliruka, na nililoliongeza.

Nilipomaliza, Bibi Mariyamu ndiye aliyesema wa kwanza. "Kwa hiyo yule Materni niliyemwomba iko askofu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mutoto alipona."

"Alipona."

"Haya. Mimi sina neno."

Wachache walicheka. Feruzi hakucheka. Nikamwendea, nikanyoosha mkono, nikamwambia, "Huu ndio mkono wa Baba. Pokea."

Akauangalia. "Mwalimu alikwambia umpelekee nani?"

"Kaka yangu."

"Basi si wangu. Alitoa kwa sababu ulimdanganya, na mimi nipokee kwa sababu nimechoka kungoja? Hapana, binti Mwalimu."

Mkono wangu ulibaki hewani mbele ya watu wote. Sikuufuta popote. Niliushusha tu.

Nikamwambia kwamba kiti na mkono ni vitu viwili. Kiti cha Baba kinaweza kungoja, na mkono unaweza kutoka kwingine, kwa khalifa wa Ujiji, maana yeye na Baba walipokea kwa mtu mmoja. Akauliza hilo nimelipata wapi. Nikasema kwa maaskofu. "Kwa hilo wamesema sawa," akasema.

Kesho yake aliondoka kwa miguu kwenda Ujiji, amefunga kanzu yake ndani ya kitambaa. Alipita nyumbani kuniaga, jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, "Mimi nilimsema vibaya baba yako. Lakini nilisema sokoni, kila mtu akasikia, na anayetaka kunijibu akanijibu. Wewe ulimsemea sikioni, na alikuwa hana macho." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali ulipokanyaga. Kisha akaniambia amahoro, amani iwe nami, akaenda. Hajarudi bado. Njia ina askari, na ninamwombea afike.

Ukija, usije kuketi. Njoo na jina ulilo nalo. Nitakupikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, na nitakula nawe sahani moja. Kama watu watakuja kukusalimu, sijui, na sitakuahidi.

Habari yangu ni kwamba hakuna tena anayeniletea barua. Zamani watu wote wa huku, mwenye mume Usumbura, mwenye mtoto Ujiji, walikuja kwangu niwasomee. Sasa wanampelekea Uledi mshona kanzu, aliyejifunza herufi kidogo akiwa mpagazi. Ukimsikiliza akisoma utamhurumia. Anaweka kidole, anakwama, anarudi nyuma, anatoa jasho. Mke wa mvuvi mmoja alikaa kwake tangu adhuhuri mpaka alasiri kwa barua ya ukurasa mmoja. Alitoka ameridhika. Uledi anasoma kilichoandikwa.

Hii nayo nitampa Uledi aisome zawia mbele ya wote kabla haijafungwa. Hawakunitaka nifanye hivyo, nimeomba mwenyewe. Ndiyo maana maneno yake ni mafupi, na herufi nimeziandika kubwa, moja moja, asikwame popote.

Biasha binti Asmani